Mgongo wa Kweli au Athari ya Korongo? Uchambuzi wa kisa cha kuendeleza uga wa mawimbi ya mitetemo kuelekea juu, nje ya pwani ya Lindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kikundi kidogo cha wachambuzi wa takwimu za mitetemo waliokuwa wakifanya kazi mjini Mtwara, na kinahusu mistari ya upimaji iliyopita katika bahari ya kina nje ya pwani ya Lindi. Majina ya watu na ya kampuni yameondolewa pamoja na namba ya kitalu, na vipimo vimewekwa katika namba za jumla ili eneo lisitambulike. Uhusiano kati ya vipimo hivyo umehifadhiwa, kwa hiyo msomaji mwenye kalamu na karatasi anaweza kurudia karibu kila hesabu iliyomo.

Usuli

Gesi ya kusini mwa Tanzania ilianza kugunduliwa karibu na nchi kavu: Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay mwaka 1982. Tangu mwaka 2010, kisima cha Pweza kilipofungua mlango wa bahari ya kina, na Zafarani kufuata mwaka 2012, macho ya watafiti yamehamia mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya kilomita moja. Huko sakafu ya bahari si tambarare. Imechanwa na makorongo yaliyochongwa na mashapo yanayoporomoka kutoka ukingo wa bara, na kati ya korongo na korongo hubaki miinuko inayofuata mwelekeo wa mteremko.

Makorongo hayo ndiyo chanzo cha tatizo. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1500 kwa sekunde, wakati katika mashapo machanga yaliyo chini ya sakafu husafiri kwa takriban mita 2000 kwa sekunde. Pale ambapo korongo limeondoa mashapo na kuacha maji, wimbi linalorudi kutoka tabaka la chini huchelewa; pale ambapo mashapo yamebaki, huwahi. Kwa kuwa mkato wa mitetemo, yaani picha ya tabaka za ardhi inayotokana na mwangwi wa sauti iliyotumwa chini, huchorwa kwa muda wala si kwa kina, tabaka lililo bapa kabisa huonekana limezama chini ya korongo na kuinuka chini ya mwinuko, kama kasia lililonyooka linavyoonekana limepinda likitumbukizwa majini. Umbo lililoinuka ndilo hasa linalotafutwa na mtafuta gesi, kwa sababu gesi hupanda na kunaswa kileleni. Kisima kimoja katika kina hicho cha maji hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, hivyo kuna sababu nzito ya kuuliza kama kilele hicho kipo.

Swali lililoletwa

Mkato uliokabidhiwa kikundi ulionyesha makorongo mawili, kila moja likiwa na kina cha mita 300 kutoka ukingo wake na upana wa kilomita 3 hivi: kilomita moja ya ukuta kila upande na kilomita moja ya sakafu. Kati yake ulikuwapo mwinuko wenye upana wa kilomita 3 juu, ambako maji yalikuwa na kina cha mita 1200, na pembeni mwa makorongo sakafu ilirudi karibu na kina hicho hicho. Chini ya mwinuko huo, katika kina cha kilomita 3 hivi kutoka usawa wa bahari, tabaka moja lenye mwangwi mkali lilijikunja kama mgongo. Tofauti ya muda kati ya kilele cha mgongo huo na sehemu zilizo chini ya makorongo ilikuwa milisekunde 120, kwa safari ya kwenda na kurudi. Ukichukua kasi ya mita 3000 kwa sekunde kwa miamba ya kina hicho, hiyo ni sawa na mwinuko wa mita 180, ambao ungetosha kumfanya mtu yeyote akae sawa kwenye kiti.

Ripoti iliyotangulia ilikuwa imeutaja mgongo huo kuwa mtego unaostahili kuchimbwa. Mwandishi wake alitegemea mkato uliokwisha kufanyiwa migresheni ya muda, yaani hatua ya uchakataji inayorudisha kila mwangwi mahali ulipotoka, akaamini kwamba hatua hiyo ilikuwa imeondoa athari za sakafu ya bahari. Haikuwa imeziondoa, na isingeweza, kwa sababu migresheni ya muda hudhani kwamba kasi haibadiliki ghafla kutoka pembeni hadi pembeni, na ukuta wa korongo ni badiliko la ghafla la namna hiyo hasa.

Kwa nini kikundi kilichagua kuendeleza uga kuelekea juu

Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza ilikuwa marekebisho ya wima, yaani kukokotoa muda uliopotea katika maji ya ziada chini ya kila kituo na kuusogeza mwangwi wote juu kwa kiasi hicho. Ni njia ya haraka, lakini hudhani kwamba wimbi hupanda wima moja kwa moja. Ya pili ilikuwa kutatua mlinganyo wote wa mawimbi kwenye gridi, hatua kwa hatua ya muda. Hiyo ni kamili zaidi, lakini kompyuta iliyokuwapo ingehitaji siku nyingi kwa kila modeli, na modeli zilizotakiwa kujaribiwa zilikuwa nyingi. Ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: kuanza chini kabisa ya modeli na kuuendeleza uga wa mawimbi (mawimbi yote yaliyopo katika kina fulani, yakichukuliwa kwa pamoja) kuelekea juu, tabaka baada ya tabaka, mpaka usawa wa bahari.

Wazo lenyewe linajulikana tangu miaka ya 1970. Loewenthal na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba mkato uliojumlishwa, yaani ule ambao mwangwi wa vipimo vingi vya mahali pamoja umeunganishwa kuwa mmoja, unaweza kufikiriwa kana kwamba kila tabaka linaloakisi limelipuka kwa wakati mmoja, katika saa sifuri, na mawimbi yake yakapanda juu kwa nusu ya kasi halisi. Nusu hiyo hufidia safari ya kushuka ambayo haihesabiwi. Gazdag mwaka 1978 alionyesha namna ya kuhamisha uga kutoka kina kimoja hadi kingine kwa kuzungusha awamu tu, yaani kusogeza mbele au nyuma mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake. Uga unabadilishwa kwa njia ya Fourier ili ugawanyike katika mawimbi bapa, kila moja lenye frikwensi yake na mwelekeo wake; kila wimbi bapa huzungushwa awamu kwa kiasi kinachotegemea mwelekeo wake, kasi ya tabaka na unene wa hatua; kisha mwangwi wa tabaka lililofikiwa unaongezwa, na kazi inaendelea hatua inayofuata. Gazdag alikuwa akishusha uga ili kupata picha ya ardhi. Ukiigeuza kazi hiyo na kupandisha badala ya kushusha, una chombo cha kutengeneza mkato wa bandia kutoka modeli yoyote unayotaka kuihoji.

Hapa kulitokea mkanganyiko unaostahili kutajwa, kwa kuwa huwapata wengi. Mmoja wa kikundi alikuwa amezoea takwimu za mvutano na sumaku, ambako kuendeleza uga kuelekea juu ni jambo la kila siku na maana yake ni kulainisha: badiliko lenye urefu wa kilomita moja, ukilipandisha kilomita moja, hubaki chini ya sehemu moja kwa mia tano ya nguvu yake. Aliogopa kwamba mgongo mdogo ungefutwa na hesabu yenyewe. Hofu hiyo haikuwa na msingi katika mawimbi. Wimbi linalosafiri halipunguzwi na kupandishwa. Awamu yake ndiyo inayobadilika. Kinachofifia ni ile sehemu ya uga ambayo mabadiliko yake ya pembeni ni mafupi kuliko urefu wa wimbi unavyoruhusu, na sehemu hiyo haisafiri hata katika bahari halisi. Kwenye programu ni lazima iachwe ififie au ifutwe, kwa maana ukikosea alama moja ya kutoa, itakua badala ya kufifia na kuujaza mkato wote takataka ndani ya hatua chache.

Hesabu ya kwanza na jibu lake

Modeli ya kwanza ilikuwa rahisi kwa makusudi. Sakafu ya bahari iliwekwa kama ilivyopimwa, pamoja na makorongo yake mawili. Chini yake yaliwekwa mashapo ya kasi ya mita 2000 kwa sekunde, kisha miamba ya kasi zaidi, na tabaka lenye mwangwi mkali likawekwa bapa, bila mkunjo wowote. Hoja ilikuwa hii: ikiwa mgongo utajitokeza kwenye mkato wa bandia ilhali modeli haina mgongo, basi umetengenezwa na makorongo, usipojitokeza, basi uko ardhini.

Mkato wa bandia ulitoka ukiwa na makorongo yaliyochorwa vizuri, yenye ndevu za mawimbi yanayotawanyika kutoka kingo zake, na chini yake tabaka bapa kama meza. Kijana aliyeiendesha programu hakuficha furaha yake alipompelekea mchambuzi mwandamizi matokeo asubuhi iliyofuata.

"Shikamoo mama. Imetoka. Tabaka limebaki bapa, kwa hiyo mgongo ni wa kweli."

"Marahaba mwanangu. Na hesabu ya mkono inasemaje?"

Hesabu ya mkono haikuwa imepigwa. Ilipopigwa ilichukua mstari mmoja. Mita 300 za maji badala ya mashapo, kwenda na kurudi, ni mita 600. Mita 600 kwa kasi ya 1500 ni milisekunde 400, kwa kasi ya 2000 ni milisekunde 300. Tofauti ni milisekunde 100. Kwa vyovyote vile, tabaka bapa lilipaswa kuonekana limezama kwa kiasi cha milisekunde 100 chini ya makorongo, na programu ilikuwa imetoa sifuri.

Kosa lilipokuwa

Kuzungusha awamu kwa namna ya Gazdag kunahitaji kasi moja tu kwa kila kina. Kati ya mita 1200 na 1500, modeli ilikuwa na maji ndani ya makorongo na mashapo kwingineko. Programu, kama ilivyoandikwa, ilichukua wastani wa kasi katika kila kina, takriban mita 1750 kwa sekunde, na kuutumia kwa mstari mzima. Kwa kufanya hivyo ilifuta tofauti ile ile iliyokuwa inachunguzwa. Mawimbi yote kutoka tabaka la chini, yawe yamepita korongoni au kwenye mwinuko, yalicheleweshwa kwa kiasi kilekile. Jibu la "bapa" lilikuwa limeandikwa ndani ya programu kabla modeli haijaingizwa.

Kilichofanya jibu hilo liaminike ni kwamba makorongo yalikuwa yanaonekana. Yalionekana kwa sababu sakafu ya bahari yenyewe iliwekwa kama tabaka linalolipuka, kila nukta katika kina chake, wala si kwa sababu mawimbi ya chini yalipita ndani ya makorongo hayo. Hata hivyo dalili ilikuwapo kwenye picha kwa mwenye kuitafuta. Katika mkato halisi, sakafu ya korongo ilikuwa milisekunde 400 chini ya kilele cha mwinuko. Katika mkato wa bandia ilikuwa milisekunde 343 tu, kwa kuwa mita 600 ziligawanywa kwa 1750 badala ya 1500. Tofauti ya milisekunde 57 katika kitu ambacho kina chake kinajulikana kwa uhakika si jambo la kupuuzwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa kilipo hasa: watu walilinganisha umbo la mgongo, jambo lisilojulikana, kabla ya kulinganisha sakafu ya bahari, jambo linalojulikana.

Hesabu ya pili

Dawa ya tatizo hili nayo si mpya. Mwaka 1984 Gazdag na Sguazzero walipendekeza uga uendelezwe mara kadhaa katika kila hatua, kila mara kwa kasi moja ya rejea, kisha kila mahali pachukue matokeo yanayolingana na kasi yake halisi, au pakadiriwe kati ya matokeo mawili. Katika kisa hiki kasi mbili za rejea zilitosha kwa sehemu ya makorongo, ya maji na ya mashapo. Hatua za kina zilifanywa kuwa fupi, mita 5 kila moja, ili mshono kati ya maji na mashapo usitoe kelele nyingi. Mstari uliongezwa nafasi tupu pande zote mbili, kwa sababu ubadilishaji wa Fourier huuona mstari kama duara na mawimbi yanayotoka upande wa kulia huingia tena upande wa kushoto. Safari hii sakafu ya bahari ilikaguliwa kwanza, na ilikaa mahali pake.

Tabaka bapa sasa lilionekana na mgongo. Katikati ya makorongo lilizama kwa karibu milisekunde 100 kamili, kama hesabu ya mkono ilivyotaka. Kwenye kuta mambo hayakuwa rahisi hivyo, na ndipo faida ya kuendeleza uga juu ya marekebisho ya wima ilipoonekana. Ukuta unaoshuka mita 300 ndani ya kilomita moja umeinama kwa nyuzi 17 hivi. Wimbi linalopanda wima kutoka tabaka la chini, likitoka kwenye mashapo na kuingia majini katika ukuta huo, hupinda kwa zaidi kidogo ya nyuzi 4 kuelekea katikati ya korongo, na likisha kusafiri mita 1200 hadi 1500 majini hufika juu likiwa limesogea pembeni kwa takriban mita 100. Marekebisho ya wima hulirudisha mahali pasipo pake. Kwenye kuta hizo yaliacha makosa ya kiasi cha milisekunde 10 yaliyoonekana kama nyufa ndogo, na mtu mwenye hamu angeweza kuyasoma kama mipasuko ya miamba.

Mkato wa bandia ulilinganishwa na mkato uliojumlishwa kabla ya migresheni, si ule wa ripoti. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa modeli ya tabaka linalolipuka hutoa mkato wa aina hiyo hasa, na kulinganisha vitu viwili vya hatua tofauti kungezua ubishi usio na mwisho.

Milisekunde 20 zilizobaki

Modeli ilieleza milisekunde 100 kati ya 120. Je, 20 zilizobaki, sawa na mita 30 hivi, ni mgongo mdogo wa kweli? Wawili katika kikundi walisema ndiyo, na hoja yao haikuwa ya kijinga.

Jibu lilitegemea kasi ya mashapo, ambayo hakuna aliyekuwa ameipima mahali hapo. 2000 ilikuwa makadirio. Ikiwa kasi ni 1900, makorongo yanaeleza milisekunde 84 tu. Ikiwa ni 2150, yanaeleza 121, yaani mgongo wote. Ikiwa ni 2200, yanaeleza 127, na tabaka la kweli lingekuwa limezama kidogo chini ya mwinuko. Kasi zote tatu zinawezekana kwa mashapo ya umri na kina hicho. Badala ya kubishana, kikundi kilirudia modeli kwa kasi kadhaa, na kwa kuwa kila hesabu ilikuwa ya muda mfupi, jambo hilo liliwezekana. Kwa njia ya gridi wangeishia kwenye modeli moja au mbili na kuzitetea.

Dalili ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Tabaka tatu zilizoonekana katika kina tofauti zilikuwa na mgongo mahali palepale, wenye upana uleule na kimo kilekile kwa muda. Mkunjo wa kweli kwa kawaida hubadilika kadiri unavyoshuka, kwa kuwa tabaka za juu hujilaza na kuufunika taratibu. Ucheleweshaji unaotoka juu, ukiwa katika maji na mashapo ya karibu na sakafu, huzigusa tabaka zote za chini kwa kiasi kilekile.

Uamuzi na matokeo

Kikundi kilipendekeza mgongo huo ushushwe kwenye orodha na usichimbwe kwa ushahidi uliopo. Kilipendekeza pia mstari mmoja uchakatwe upya kwa njia aliyoieleza Berryhill mwaka 1986: takwimu za kila mlipuko (chanzo cha sauti) na za kila kipokezi zishushwe kutoka usawa wa bahari hadi sakafu kwa kasi ya maji, kisha zipandishwe tena hadi usawa uleule kwa kasi ya mashapo, kana kwamba maji yamejazwa mashapo na makorongo hayapo. Kazi hiyo ilifanyika. Mgongo ulibaki na kimo kisichozidi milisekunde 20, na mipasuko iliyodhaniwa kwenye kuta ikatoweka.

Kushusha uga kulikuwa kugumu kuliko kuupandisha. Mistari hiyo ilipimwa wakati wa kusi, na mawimbi ya bahari yalikuwa yameacha kelele nzito za frikwensi ndogo ambazo hazikutoka kwenye tabaka lolote. Katika modeli hakuna kelele, na kila kitu hupanda kwa utulivu. Katika takwimu halisi kelele hizo huendelezwa pamoja na mwangwi na kutandazwa pembeni, kwa hiyo ilibidi zichujwe kwanza, na uchujaji huo ukachukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kuweka modeli isiyo na kitu kinachotafutwa. Kama wangeanza na modeli yenye mgongo wa mita 180, mkato wa bandia ungefanana na halisi kwa kiasi cha kumridhisha kila mtu, hata kwa programu yenye kasoro. Kwa kweli ungefanana vizuri zaidi kwa programu yenye kasoro, kwa kuwa ile isingeongeza athari ya korongo juu ya mgongo. Modeli bapa ndiyo iliyoilazimisha programu ionyeshe kama inaweza kuona kinachoulizwa.

Chaguo la njia ya tatu pia lilikuwa zuri, pamoja na mipaka yake. Tabaka linalolipuka halitoi mwangwi unaorudiarudia kati ya usawa wa bahari na sakafu kwa nyakati zake sahihi, na nguvu za mwangwi wake si za kuaminiwa. Swali lililoletwa lilikuwa la muda na umbo, si la nguvu, kwa hiyo mipaka hiyo haikuugusa uamuzi. Mtu anayetaka kujua kama mwangwi mkali ni dalili ya gesi asitumie njia hii.

Kilichokwama, mbali na wastani wa kasi, ni kwamba kazi yote ilikuwa ya pande mbili. Mstari wa upimaji ulilikata korongo moja kwa mshazari, na wimbi linaloakisiwa na ukuta ulio nje ya mstari huonekana kana kwamba limetoka chini yake. Modeli haikuwa na namna ya kulionyesha. Sehemu ya milisekunde zilizobaki baada ya uchakataji upya ilikuwa karibu na mahali hapo panapopinda korongo, na kikundi kiliandika hivyo katika ripoti yake badala ya kuinyamazia. Mapendekezo ya mwisho yalikuwa mawili: mstari mpya upimwe juu ya mwinuko kwa urefu wake, ambako kina cha maji hubadilika polepole, na vipokezi vichache viwekwe sakafuni kupima kasi ya mashapo kabla ya mtu yeyote kuutaja tena mgongo huo kuwa mtego.